Mhogo Usioonyesha Ugonjwa: Kutoka Amani hadi Mikocheni

Shina limenyooka, majani ya juu yamenawiri, na ukilitazama shamba kutoka barabarani linapendeza. Mwenye shamba anang'oa shina moja, anaupasua mhogo kwa panga, na ndani anakuta madoa ya kahawia, makavu kama gome, yametapakaa kwenye nyama nyeupe. Kati ya doa na doa nyama bado ni nzuri, lakini nani atakaa kuchonga doa moja moja? Mhogo huo hauuziki sokoni, na ukikaushwa makopa hautoi unga mweupe. Miezi 12 ya kulima na kupalilia imekwenda, na majani hayakumwambia chochote.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Nimeuchagua kwa sababu anayetaka kuelewa kazi ya mtafiti wa virusi vya mimea hapati mfano bora kuliko mhogo. Karibu kila hatua iliyopigwa katika utafiti huu ilipigwa na mtu aliyekataa kuamini kwamba alichokiona ndicho kilichokuwepo. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika kwetu, kuanzia milima ya Usambara hadi kituo cha utafiti cha Mikocheni jijini Dar es Salaam, Muguga nchini Kenya, na Uganda.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, Usambara Mashariki, kwenye msitu wenye mvua juu ya Muheza. Kabla ya hapo, mwaka 1894, mtaalamu wa mimea Mjerumani, Otto Warburg, alikuwa tayari ameueleza kwa maandishi ugonjwa wa kukunjamana kwa majani ya mhogo aliouona upande huo huo wa nchi. Ndio batobato. Waingereza walipokifufua kituo, mwishoni mwa miaka ya 1920 akaja mtafiti aitwaye Harold Haydon Storey, akitokea Afrika Kusini alikokuwa akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi.

Kule alikuwa ameshaonyesha kwamba milia husambazwa na kidudu mrukaji, Cicadulina mbila, mwenye urefu wa kama milimita tatu. Amani akakutana na fumbo: wadudu wa aina hiyo hiyo, waliolishwa kwenye hindi lile lile lenye ugonjwa, wengine wanaambukiza na wengine hawaambukizi hata kidogo. Akawazalisha wale na wale, akawachanganya, akahesabu uzao. Mwaka 1932 alichapisha jibu: uwezo wa kuambukiza unarithiwa, unatawala pale mzazi mmoja tu anapokuwa nao, na umefungamana na jinsia ya mdudu. Mwaka uliofuata akaenda mbali zaidi. Alichukua wadudu wasioambukiza, akawatoboa tumbo kwa sindano nyembamba sana, akawalisha kwenye mahindi yenye ugonjwa. Wakaanza kuambukiza. Kizuizi, basi, kilikuwa ukuta wa utumbo: virusi vinaingia tumboni mwa kila mdudu, lakini kwa wengine mlango wa kutokea kwenda kwenye damu na hatimaye kwenye mate umefungwa.

Fikiria alikuwa na nini mkononi. Picha ya kwanza ya kirusi cha mmea kwa darubini ya elektroni ilikuja mwaka 1939. Storey hakuwahi kukiona alichokuwa akikifuata, na bado aliujua mlango wake ndani ya tumbo la mdudu wa milimita tatu. Sijui jaribio lingine la miaka ile katika fani hii linalonifurahisha kama hilo.

Ni Storey huyo huyo ambaye mwaka 1936 aliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia na kuutenga na batobato. Tofauti zake bado ndizo tunazozitumia shambani. Batobato hujionyesha juu: jani changa linakuwa na mabaka ya njano au kijani kilichopauka, linajikunja, linapinda upande. Michirizi hujionyesha chini: majani yaliyokomaa yanapata unjano unaofuata mishipa midogo, kama unyoya, huku jani likibaki na umbo lake zuri. Kwenye shina bichi huonekana mistari ya kahawia. Halafu majani hayo ya chini yanapukutika, kama majani yote yaliyozeeka, na ushahidi unaenda nayo. Atakayefika wakati wa kiangazi hataona kitu mpaka ang'oe.

Ushahidi kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza ulipatikana kwa kubebesha, na mpaka leo njia hiyo ndiyo ya uhakika kuliko zote. Unachukua shina lenye ugonjwa la unene wa kalamu, unalichonga ncha ya kabari ya kama sentimita tatu, unaliingiza kwenye mpasuo wa shina lisilo na ugonjwa, unafunga kwa utepe wa plastiki na kufunika na mfuko ili unyevu usitoke. Mfuko ukiondolewa mapema kikonyo kinanyauka kabla mishipa haijaungana. Ukiachwa wiki tatu, ukungu unaingia. Wiki moja hadi siku kumi inatosha, kisha unasubiri majani mapya, wiki kadhaa. Aina yenye ukinzani mkubwa inaweza kukuweka miezi.

Upande wa wadudu, michirizi iliwachosha watu. Batobato ilijulikana tangu miaka ya 1930 kwamba inasambazwa na nzi weupe, Bemisia tabaci. Kwa michirizi, ushahidi wa wazi kwamba ni nzi weupe hao hao ulipatikana mwaka 2005, takriban miaka 70 baada ya ugonjwa kuelezwa. Sababu ziko kwenye namna virusi hivi vinavyobebwa. Kile cha batobato huhitaji nzi anyonye kwa saa kadhaa ndipo akipate vizuri, lakini akishakipata hukaa nacho siku nyingi. Kile cha michirizi huchukuliwa kwa dakika chache tu na hupotea ndani ya siku moja au mbili, tena kwa ufanisi mdogo, kwa hiyo jaribio la nzi wachache kwa mmea linatoa sifuri baada ya sifuri.

Jambo hilo lina uzito kwa mkulima. Virusi vinavyopotea mdomoni mwa nzi kwa siku mbili haviruki kutoka wilaya hadi wilaya. Ugonjwa wa michirizi ukitokea ghafla mbali na mashamba yenye ugonjwa, tafuta gari lililoleta vipando.

Kabla ya kuja kwenye maabara za leo, kuna makosa mawili ya zamani ambayo kila anayeanza kazi hii angepaswa kuyajua kwa kina.

La kwanza ni la Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Mtafiti K. R. Bock alipata kirusi kutoka kwenye mihogo yenye batobato kwa kupaka utomvu wake kwenye mimea ya jamii ya tumbaku. Tatizo: alipotafuta kirusi hicho kwenye mihogo mingine yenye batobato ya pwani, hakukipata, na kukirudisha kwenye mhogo kikashindikana. Basi kikaitwa kirusi kilichojificha cha mhogo, kwa maana kwamba kipo tu, hakisababishi ugonjwa. Mwaka 1983 Bock na Woods wakafanikiwa kukirudisha kwenye mhogo, na batobato ikatokea. Mshtakiwa aliyeachiwa ndiye aliyekuwa mhalifu, na wale wa pwani walikuwa na ndugu yake ambaye kipimo cha mimea ya tumbaku hakikumshika. Mwaka huo huo watafiti Stanley na Gay wakachapisha msimbo wake wote wa vinasaba: duara mbili za DNA, kila moja ikiwa na herufi 2,700 na kidogo.

La pili ni la Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilishuka kutoka kaskazini mwa nchi, ikaua mashamba, watu wakaacha kulima mhogo maeneo mengi na njaa ikafuata. Wakati huo virusi vilitambuliwa kwa kingamwili, yaani kipimo kinachotambua ganda la protini la kirusi. Kipimo kikasema: hiki ni kirusi cha kawaida cha batobato ya Afrika. Ilipofika mwaka 1997, DNA yenyewe iliposomwa, ikaonekana mambo ni mengine. Kilikuwa kirusi cha Afrika Mashariki kilichokata sehemu ya katikati ya jeni la ganda kutoka kwa kile kingine na kuivaa. Kingamwili zilitambua joho, zikakosa mwenye kulivaa. Tangu hapo hakuna mtafiti makini anayetoa jina la kirusi kwa kusoma sehemu moja tu ya msimbo wake.

Jani la kuchuma, na yanayofuata

Sampuli mbaya haiokolewi na mashine nzuri. Ukitafuta batobato, chuma jani changa la juu lenye dalili. Ukitafuta michirizi, shuka chini, chuma jani lililokomaa ambalo halijaanza kukauka. Anayechuma jani la juu kwa mazoea anaweza kupata jibu la "hakuna" kutoka kwenye mmea ambao mizizi yake imeoza tayari, kwa sababu virusi havisambai sawasawa ndani ya mhogo. Andika namba ya mmea, aina, tarehe na mahali kwa penseli. Wino wa kalamu unafutika ukiguswa na ethanoli, na maandishi yakifutika sampuli ni takataka.

Kama maabara iko mbali, weka majani kati ya kurasa za magazeti, banza, na badilisha magazeti kila siku mpaka yakauke. Majani yaliyokauka hivyo hutoa hata RNA ya michirizi, jambo ambalo wengi hawakuliamini mpaka lilipojaribiwa. Kinachoharibu ni kubanza majani yenye umande: kesho yake yamekuwa meusi na ukungu umeota. Kwa batobato, ambayo ni DNA, kuna kadi maalumu za karatasi ambazo jani hugandamizwa juu yake. Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha mwaka 2005 namna ya kuzitumia.

Sasa uchujaji wenyewe, yaani kutoa vinasaba ndani ya jani. Mhogo ni mmea mgumu kwa kazi hii: una utomvu, wanga, na fenoli zinazogeuka nyeusi mara tu jani linapopondwa. Bafa ya CTAB, ambayo ni aina ya sabuni, imedumu kwa sababu inashughulikia yote matatu: CTAB asilimia 2, Tris milimola 100 yenye pH 8.0, EDTA milimola 20, chumvi mola 1.4, PVP asilimia 2. Merkaptoethanoli huongezwa dakika ya mwisho, chini ya kabati la kufyonza hewa, maana ni sumu na harufu yake haivumiliki. Chumvi hiyo nyingi ndiyo inayozuia wanga usishuke pamoja na vinasaba. PVP inanasa fenoli.

Ponda miligramu 100 za jani bichi kwenye naitrojeni ya maji kwa kinu na mchi. Naitrojeni ikikosekana, na hukosekana mara nyingi, weka jani kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na bafa na uviringishe chupa ya kioo juu yake mpaka iwe kama mchuzi wa kisamvu. Mililita 1 ya bafa inatosha. Hamisha mikrolita 700 kwenye kichupa, weka kwenye maji ya nyuzijoto 65 kwa dakika 15 hadi 30, ukigeuzageuza. Ongeza ujazo ule ule wa klorofomu na isoamili, 24 kwa 1, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 13,000 kwa dakika, dakika 10. Utaona matabaka matatu: maji juu, utando mweupe katikati, klorofomu ya kijani chini. Chukua mikrolita 500 za juu na uache zinazobaki. Tamaa ya kumalizia tone la mwisho ndiyo inayovuta utando, na utando huo unaziba kila kitu mbele. Ongeza isopropanoli mikrolita 300, weka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri angalau nusu saa, zungusha tena, osha na ethanoli asilimia 70, kausha, yeyusha kwenye mikrolita 50 za maji.

Angalia kilichobaki chini ya kichupa kabla ya kuendelea. Kama ni cheupe na kidogo, vizuri. Kama kinateleza kama uji mzito, wanga umeshuka nacho: rudia klorofomu. Kama ni cha kahawia, fenoli zimekuwahi, na kimeng'enya cha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, kitagoma. RNA ina adui wa ziada, vimeng'enya vinavyoikata, ambavyo viko kwenye jasho la vidole vyako. Glovu hubadilishwa kila unaposhika kitasa cha mlango au simu.

Kisha RNA inageuzwa DNA kwa nyuzijoto 42, na PCR inaendeshwa mizunguko 35. Kuna jozi ya praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi, iliyochapishwa na kundi la Deusdedith Mbanzibwa inayotenganisha aina mbili za virusi vya michirizi kwa mkupuo mmoja: kile kinachoitwa CBSV hutoa kipande cha herufi 344, na kile cha Uganda, UCBSV, kipande cha kama 440. Kwenye jeli ya asilimia 2 mistari hiyo miwili inaachana vizuri, na mmea wenye vyote viwili unaonyesha yote miwili.

Lakini mstari kwenye jeli hauna maana bila vichupa vinne vya kulinganisha: maji matupu, mmea safi uliokuzwa kwenye chupa, mmea unaojulikana kuwa na ugonjwa, na jeni la mhogo wenyewe. Maji yakitoa mstari, vitendanishi vimechafuka na matokeo yote ya siku hiyo yanatupwa, hata yale yaliyokupendeza. Jeni la mhogo lisipotoka, uchujaji umeshindwa, na "hakuna virusi" hapo inamaanisha hakuna chochote. Nimesoma taarifa zinazotangaza shamba safi bila kutaja kichupa hiki cha nne. Kwa maoni yangu taarifa ya namna hiyo isitumike kuruhusu lori la vipando kuondoka.

Kirusi chenye kimeng'enya cha ajabu

Mwaka 2009 msimbo mzima wa kirusi cha michirizi ulichapishwa na Mbanzibwa na wenzake, karibu herufi 9,000 za RNA. Mambo mawili yaliwashangaza watu. Ndugu wengi wa ukoo wake wana protini ya kuzima ulinzi wa mmea iitwayo HC-Pro. Hiki hakina, na kazi hiyo inafanywa na nyingine, P1. Tena karibu na mwisho wa msimbo kuna jeni liitwalo Ham1, ambalo jamaa zake wanapatikana katika viumbe wa kila namna, kuanzia bakteria hadi binadamu, ambako kazi yake ni kuondoa herufi mbovu zisiingizwe kwenye vinasaba. Kirusi chenye kimeng'enya cha usafi wa herufi! Bado wanaendelea kuchimba kinakifanyia nini hasa.

Kuchimba huko kunahitaji nakala ya kirusi unayoweza kuibadilisha herufi na kuirudisha kwenye mmea. Hapo kazi ilikwama kwa miaka, kwa kuwa nakala za RNA hii zikiwekwa ndani ya bakteria wa maabara huvunjika au kuwasumbua bakteria wenyewe. Suluhisho lililofanya kazi lilikuwa kuziunganisha ndani ya hamira, jamaa ya hiyo hiyo ya maandazi, ambayo inavumilia vipande virefu.

Ukinzani nao una mitego yake. Mmea unaweza kupewa kipande cha msimbo wa ganda la kirusi, katika umbo linaloamsha ulinzi wake wa kukata RNA, na ukakataa michirizi. Kenya iliidhinisha mhogo wa namna hiyo mwaka 2021 uende kwenye majaribio ya kitaifa ya aina. Lakini ili kukiingiza kipande hicho, mhogo hupitishwa kwenye hatua ya kuotesha viinitete kutoka seli za mwilini, na mwaka 2016 ilichapishwa kwamba aina kama TME 204 zikitoka huko zimepoteza ukinzani wake wa asili dhidi ya batobato. Unaponya ugonjwa mmoja na kufungulia mwingine mlango. Miaka sita baadaye ilionekana kwamba ukinzani huo, uitwao CMD2, unaendana na mabadiliko kwenye jeni la kimeng'enya cha mmea chenyewe kinachonakili DNA. Virusi vya batobato vinategemea kimeng'enya cha mwenyeji kujinakili, kwa hiyo jibu lilikuwa mahali penye mantiki kabisa. Ila kulipata kulihitaji mtu akubali kwamba mmea aliouzalisha kwa miaka umeharibika.

Anayetaka kuingia kwenye fani hii ajue pia hesabu ya muda. Majani hupimwa miezi 3, 6 na 9 baada ya kupanda, na mizizi hukatwa vipande na kupewa alama 1 hadi 5 ikifika miezi 12: alama 1 ni safi kabisa, 5 ni zaidi ya robo ya nyama kuoza. Shahada ya uzamivu ya miaka minne inakupa mavuno matatu, ukijaliwa mvua. Ng'ombe wakiingia shambani mwezi wa kumi, yanabaki mawili.

Nirudi Amani kumalizia. Miaka ya 1930 Storey na mwenzake Nichols hawakupata ukinzani wa kutosha kwenye mihogo ya kawaida, wakageukia mti wa mpira, Manihot glaziovii, ule ambao Wajerumani waliupanda Tanga kwa ajili ya utomvu na ambao majani yake tunayala mpaka leo kama kisamvu cha mpira. Waliuchavusha na mhogo, na uzao wake wakaurudisha kwa mhogo tena na tena ili mizizi inenepe. Moja ya mimea iliyotoka kwenye kazi hiyo ilivuka hadi Ibadan, Nigeria, na kuwa chanzo cha ukinzani dhidi ya batobato kwa aina nyingi za Afrika Magharibi. Mwingine ulibaki mikononi mwa wakulima: Kenya unaitwa Kaleso, kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ni mmea mmoja. Namikonga ndio watafiti wa Tanzania waliouchanganya na Albert, aina inayooza vibaya, na mwaka 2017 wakachapisha sehemu za kromosomu 2, 11 na 18 zinazoendana na mizizi kubaki mizima.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, msimbo wa mihogo mingi ulikuwa umesomwa na kulinganishwa na wa jamaa zake wa porini. Ndani ya Namikonga vipande virefu vya mti wa mpira bado vilikuwepo, mahali pale pale vilipoachwa na uchavushaji wa Amani.